Kikohozi Kikavu na Gome la Kogo Rael

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa mlinipa keki, leso mbili na kalamu, kisha mmoja wenu akasema, "Sista, si utuandikie kitu." Keki iliisha siku hiyo hiyo. Leso ninazo, na kalamu ndiyo hii. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye faili, na mwenye subira ya kuzitafuta azitafute. Nitaandika juu ya kikohozi, tena kile kikavu kisichotoa chochote, ambacho kilinisumbua akili kuliko ugonjwa mwingine wowote niliokutana nao katika uuguzi.

Kazi nilianzia kliniki ndogo ya mtaa wa Free Area, Nakuru. Nimezaliwa mji huo huo. Babu yangu alitoka Pwani kufuata kazi, akaoa, na habari ya kurudi ikasahaulika. Nyumbani kwetu kikohozi kilikuwa na dawa moja: nyanya alitwanga tangawizi, akaichanganya na asali na habasoda, akatulambisha watoto wote kwa kijiko kimoja, mgonjwa na mzima. Nilipomaliza chuo niliamini mambo hayo nimeyaacha jikoni.

Siku ya kwanza nilivaa sare iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto anayekohoa. Nikamwuliza amempa nini nyumbani, akasema maji ya majani ya mkaratusi. Nikamfokea mbele ya foleni nzima. Nilitoa hotuba ndefu, yenye maneno ya vitabuni, na nilijisikia vizuri sana nilipoimaliza. Wote waliofuata, nilipowauliza wametumia nini, walijibu "hakuna." Nami nikafurahi, nikadhani Free Area imeelimika kwa asubuhi moja.

Sista Perpetua, aliyekuwa msimamizi wangu, alikuwa akinisikiliza kutoka chumba cha sindano. Alikuwa mama mpana kutoka magharibi, baba yake fundi wa reli, na hakuwa na haraka ya kitu chochote isipokuwa chai. Saa nne akaniita.

"Zuhura, wale watu wote wamekuambia hakuna?"

"Ndiyo, sista."

"Na wewe ukaamini?" Akacheka hadi kikombe kikatikisika. "Hiyo foleni yote sasa itakuficha. Mtu akunywe kitu nyumbani, wewe umpe dawa juu yake bila kujua, akizidiwa utasema ni mti. Uliza kama mtu anataka kujua vile pilau inapikwa. Nyinyi si mnajua kuulizana mambo ya pilau?"

Nilinuna siku mbili, halafu nikanunua daftari la kurasa mia moja. Nikalichora mistari: jina la dawa, nani ameitoa, imetengenezwaje, kikohozi kilikuwa cha aina gani, kiliisha lini. Sista Perpetua aliliangalia, akaniambia niongeze mstari wa wale ambao hakikuisha. Nilifanya hivyo, lakini mstari ule ulikuwa mgumu kuujaza. Ambaye dawa imemshinda huenda kwingine, wala hapiti kukuaga. Wanaorudi kukupa habari ni wale wanaotaka ufurahi.

Mambo ya kwenye daftari lile yangejaza kitabu. Kulikuwa na kitunguu kilichochomwa majivuni, ndimu na chumvi, kitunguu saumu kwenye maziwa. Kulikuwa na mafuta ya taa, kijiko kimoja, na hayo nayataja ili myachukie kama ninavyoyachukia mimi. Nilimshika mtoto aliyenyweshwa hayo ili kikohozi kimwachie. Yalimwingia mapafuni na tukampoteza. Sikumfokea mama yake. Alikuwa amefanya alichofanyiwa yeye alipokuwa mdogo, na alikuwa akiniangalia akingoja nimwambie kwamba si hayo mafuta yaliyomuua. Sikuweza kumwambia hivyo, wala sikuweza kumwambia kinyume chake.

Asali ndiyo iliyonishangaza kwa upande mwingine. Miaka mingi baadaye, kwenye semina mjini, mwalimu alitueleza kwamba asali imejaribiwa kwa watoto wenye kikohozi cha mafua, kundi moja likapewa na jingine lisipewe, na waliolamba walikohoa mara chache zaidi na kulala vizuri zaidi. Si muujiza, ni nafuu ya kiasi, lakini ni nafuu iliyopimwa. Nusura nisimame nipige kigelegele kwa ajili ya nyanya yangu. Hapo hapo mwalimu akasema asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, maana asali inaweza kubeba kijidudu chenye sumu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezani nacho. Nyanya alitulambisha hata wale ambao shingo zao bado zilikuwa laini. Tulipona kwa bahati.

Tangawizi nayo hupoza mwasho wa koo, hilo kila mtu analijua, ila ushahidi wake kwa binadamu ni mwembamba. Mvuke wa majani ya mkaratusi watu huupenda sana. Wakati wa korona kila nyumba ilikuwa na sufuria na blanketi. Sikuona kikohozi kilichopona kwa hilo peke yake, ila niliona mapaja yaliyoungua. Binti mmoja alikuja kufungwa vidonda kwa wiki tano, na kikohozi chake kilikuwa kimeisha tangu wiki ya kwanza. Mafuta ya mkaratusi yenyewe, yale ya chupa, ni sumu yakinywewa, wala msiamini kwamba kila mtu anajua hilo.

Jambo jingine, kabla sijafika Molo. Kikohozi kikavu kinachobaki baada ya mafua huisha chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo dawa yoyote inayoanzwa wiki ya pili inapata sifa ya bure. Niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa Free Area kilichomponya akasema ni soda ya moto. Niliandika.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya barabarani, juu ya Sachangwan ukielekea Molo, na ndipo nilipomalizia kazi. Mnajua baridi yake. Niliikuta mashine ya presha ya mpira iliyovuja, nikaiziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, ikatumika miaka mingine mingi kuliko hizi za betri mnazozibembeleza. Stethoskopu niliipasha viganjani kabla ya kumwekea mtu mgongoni, na nilianza kazi ya kila asubuhi kwa kupanga vikopo vya makohozi, kwa sababu kule watu hukohoa vumbi la viazi, moshi wa jiko na kifua kikuu, na kwa sikio huwezi kuvitenganisha. Kikizidi wiki mbili, pima. Mpakiaji mmoja wa malori alitafuna gome miezi minne akidhani ni vumbi. Alipona, lakini alikuwa ameshamwambukiza mke wake.

Gome hilo ndilo lililonipeleka kwa Kogo Rael. Wakikuyu huuita mti wake muthiga, Wakalenjin soget. Ni gome la kahawia, ukilitafuna linawasha mdomo mzima kwa ukali kama wa pilipili, kisha koo linapoa. Kila mgonjwa wa pili alilitaja, na kila aliyelitaja alimtaja Kogo Rael, kwa hiyo Jumamosi moja nikaenda kwake. Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na hata sisi tusio Wakalenjin tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, na aliniangalia miguu kwanza kuona kama viatu vyangu ni vya mtu aliyekuja kukaa au vya mtu anayepita.

"Wewe ni wa serikali?"

"Mimi ni sista wa zahanati, Kogo. Nimekuja kujifunza."

"Kujifunza, ama kunishika?"

"Ningekuja kukushika ningekuja na mtu mkubwa kuliko mimi."

Akacheka, akaniletea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Alinionyesha miti yake mitatu nyuma ya nyumba. Alikata gome upande mmoja tu, kipande cha upana wa kiganja, kisha akapaka kidonda cha mti udongo na samadi ya ng'ombe. Ukizungusha kisu mti mzima, alisema, unakauka. Alinieleza kiasi cha kuchemsha, siku ngapi na miiko yake: mgonjwa asile pilipili, asilale mchana, na zile dawa za hospitali aziweke kando kwa wiki tatu, maana zitagombana. Niliandika yote. Miiko niliiandika chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo, kama mtu anavyoandika rangi ya sufuria.

Nikauliza kwenye semina. Nikajibiwa kwamba gome hilo limejaribiwa maabara na linaua baadhi ya vijidudu na kuvu kwenye kisahani. Kisahani hakina mapafu, alisema mwalimu. Kwa watu wenye kikohozi hakuna aliyelipima vya kutosha. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu kubwa. Nilitaka mgonjwa mmoja ambaye kikohozi chake si cha mafua, kisichoweza kuisha chenyewe.

Ndipo akaja Mama Shiru. Aliuza viazi kando ya barabara, ndoo zilizorundikwa hadi juu, na alikuwa na sauti ya kusimamisha lori. Tulimpata na presha. Ofisa wetu wa kliniki, Kibet, alimwandikia enalapril, na mimi ndiye niliyemhesabia tembe na kumfundisha kumeza moja kila asubuhi. Hakuhitaji kutishwa. Dada yake mkubwa alikuwa amelala kitandani mwaka wa tatu baada ya kiharusi, na Mama Shiru ndiye aliyemgeuza na kumlisha.

"Sista, mimi sitaki kulishwa uji na mtu," aliniambia. "Afadhali hizi dawa nikunywe mpaka nizeeke."

Baada ya miezi miwili akaanza kukohoa. Kikavu, cha kuwasha koo, kinachomkatiza katikati ya bei. Tulipima kifua kikuu, hakuna. Picha ya kifua ikapigwa Molo, safi. Dawa za maji hazikufua dafu. Akaenda kwa Kogo Rael, akachemsha gome wiki tatu, na kikohozi kikaisha kabisa.

Alikuja kliniki akinicheka. "Mmenipiga mapicha, mmenitemesha kwa makopo, na ni muthiga tu!"

Niliandika kwa herufi kubwa. Akaacha gome, na baada ya wiki chache kikohozi kikarudi. Akalirudia, kikaisha. Mara ya tatu tena hivyo hivyo. Jamani, mara tatu! Mafua hayaendi na kurudi kwa ratiba ya mti. Ukiweka dawa ugonjwa unaondoka, ukiitoa unarudi: huo ndio ushahidi ambao mwalimu wa semina alitufundisha kuutafuta. Usingizi ulinipaa kwa furaha. Nilianza barua kwa watu wa chuo kikuu, nikaipa kichwa kabla ya kuwa na mwili. Na wagonjwa wangu wengine wa kikohozi, wale waliopimwa wakaonekana hawana kitu, niliwaambia wazi kwamba gome la Kogo Rael linafanya kazi.

Presha ya Mama Shiru nayo ilikuwa ikipanda miezi mingine na kushuka mingine. Nilimwuliza kama anameza tembe, akasema anameza. Siku presha ilipokuwa juu alisema amekuja akikimbia, ameachia jirani viazi, nami nikaandika kwenye kadi, "ametembea haraka." Kadi ilikaa kwenye kabati la presha. Daftari lilikaa mkobani mwangu.

Asubuhi moja aliletwa na bodaboda. Alikuwa akiinua ndoo, vidole vya mkono wa kulia vikafa, ndoo ikaanguka na mdomo ukawa mzito. Alipofika kwetu mkono ulikuwa umerudi na maneno yalikuwa sawa, lakini mashine ilisoma namba ambayo sikuipenda, nikapima mkono wa pili, ya huko nikaichukia zaidi. Kibet alisema hiyo ni ishara ya kiharusi kinachobisha hodi na kwamba lazima aende hospitali ya Nakuru siku hiyo hiyo. Akaanza kuandika barua ya rufaa, akaniomba nimsomee presha zote za nyuma.

Nikaitoa kadi. Daftari lilikuwa wazi mezani, maana siku hiyo nilikusudia kumwuliza habari za kikohozi. Nikawa nasoma tarehe kwenye kadi, jicho likaangukia tarehe kwenye daftari. Presha juu: kikohozi kimeisha. Presha chini: kikohozi kimerudi. Mara tatu zote.

"Mama Shiru," nikasema, "ukianza muthiga, zile tembe za presha unazifanyaje?"

"Si naweka kando. Kogo alisema zitagombana." Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Na si wewe unajua, sista. Si uliandika."

Kibet aliinua kichwa. Hakuhitaji kusema, lakini alisema: enalapril humletea mtu mmoja mmoja kikohozi kikavu, na mtu huyo akiiacha, kikohozi huisha baada ya wiki kadhaa. Nilijua hilo. Nilifundishwa, sentensi moja, mchana mmoja, na nikaliweka mahali pa mambo ya mtihani. Mti haukuwa umeponya chochote. Kilichokuwa kikiondoa kikohozi ni kule kuacha dawa iliyokuwa ikimlinda, na mimi nilikuwa nikishangilia.

Tungeweza kumficha. Kibet alikuwa tayari ameandika dawa nyingine, losartan, ambayo kwa kawaida haileti kikohozi hicho, na ningempa tu na kumwambia hii ni mpya. Lakini angeiweka kando akipata gome tena. Kwa hiyo nikamweleza yote, polepole, na sehemu yangu sikuiruka.

Mama Shiru aliiangalia kadi, kisha daftari.

"Kwa hivyo ni wewe ulinipea kikohozi. Halafu ukanisifu vile kinaisha."

"Ndiyo."

"Kila mwezi unaniuliza nakunywa nini. Nakunywa nini, nakunywa nini. Hata siku moja haujaniuliza nimeacha nini."

Nyinyi ulizeni yote mawili.

Akasimama. Tembe mpya akaziacha mezani, na barua ya Nakuru juu yake. "Hizo nazo zitaniletea nini? Muthiga haijawahi kunidanganya. Narudi kwa viazi yangu." Kibet alijaribu kumzuia, lakini mtu mzima mwenye akili timamu humfungi kamba. Tulimtazama akishuka barabarani akiwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa na hofu, nisiwadanganye. Akilini nilimwona akigeuzwa kitandani kama dada yake. Nikaweka tembe na barua mfukoni, nikamwambia Kibet ashike foleni, nikapanda bodaboda hadi kwa Kogo Rael. Nilidhani nakwenda kumwomba aondoe mwiko wake. Njiani nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi.

Nilimkuta akianika magome. Nikamweleza kuhusu kadi na daftari, na mkono uliokufa. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipofika kwenye kikohozi kinacholetwa na tembe za presha, akainuka ghafla, akaenda nyuma ya jikoni, nami nikasikia anakohoa. Kikohozi kikavu, mfululizo, cha mtu anayejaribu kukibana. Nimekisikia kikohozi hicho maisha yangu yote na nilikijua kupitia ukutani.

Aliporudi alikuwa na kipande cha gome shavuni na macho yana maji.

"Kogo, unakohoa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na unakula soget?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni." Akaketi kwenye kigoda. "Mimi nilizika mzee yangu na hiyo stroke. Dawa ya presha mimi siachi, hata siku moja. Watu naambia waweke kando, vile mama yangu alisema. Mimi mwenyewe naogopa, nakula zote mbili."

Aliingia ndani akatoka na pakiti. Enalapril, kutoka kliniki nyingine. Nikaishika mkononi, na nawaambia kweli, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nilisikia ile furaha ya mtu aliyepata kipande alichokuwa akikitafuta. Mwanamke mmoja alikula gome akaacha tembe, akapona. Huyu alikula gome hilo hilo, asiache tembe, na hakupona mwaka mzima. Miaka yote nilitafuta mtu wa namna hiyo, na alikuwa mwenye dawa mwenyewe.

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani atachukua dawa ya kifua kwa mtu anakohoa? Watu wakikuja, naenda nyuma." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Nilifikiria mti imenikataa. Nimeikata miaka mingi, nikasema labda imechoka na mimi."

Nikamwambia mti haujamkataa, na kwamba asiache tembe zake, aje kesho Kibet ambadilishie. Akaniuliza, na lilikuwa swali zuri, kama basi mti haufanyi kitu kabisa. Nikamwambia sijui. Labda unapoza koo, labda kuna kikohozi unachokisaidia, lakini si hiki. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu baya zaidi.

"Mama Shiru hatanisikiliza mimi," nikasema. "Hana sababu ya kunisikiliza."

Kogo Rael alilitema gome mkononi, akalitazama, akaliweka juu ya yale yaliyoanikwa. Akajifunga shuka vizuri.

Tulimkuta Mama Shiru akipanga viazi kwa mkono wa kushoto. Kulikuwa na wauzaji wengine wanne kando yake, na ninawajua wote: hakuna ambaye hakuwahi kutumia gome la Kogo. Walimsalimia kwa heshima na mmoja akampa ndoo iliyogeuzwa akalie. Hakuketi. Mama Shiru alituangalia, mimi kisha yeye, akasema, "Kogo, mwambie huyu sista aachane na mimi."

Kogo Rael alifungua mdomo kujibu na kikohozi kikampata. Safari hii hakukibana. Hakugeuka, hakuweka shuka mdomoni, alikohoa pale barabarani mbele ya wateja wake wote, ameinama, mkono umeshika rundo la viazi. Lori lilipita na bado tulimsikia.

Mama Shiru aliacha kupanga. "Kogo, hata wewe?"

"Mwaka mzima."

"Na muthiga?"

"Natafuna kila siku."

"Na za presha?"

"Siachi. Hiyo ni uongo niliwaambia, ya kuweka kando. Mimi siweki." Alisema kwa sauti, hata wale wanne wasikie, na wakasikia, mmoja wao alishusha ndoo yake chini taratibu.

Mama Shiru akafuta udongo viganjani kwa aproni, mkono wa kushoto kwanza, halafu ule wa kulia, kidole kimoja kimoja, akaninyooshea.

"Leta," akasema. "Na ile barua ya Nakuru."